Daktari Péan na Bega la Mwokaji Mikate

Atakayefika ufuoni Mfangano alfajiri, wakati mashua za omena zinaporejea kutoka ziwani, atashuhudia somo la biolojia ambalo halimo katika vitabu vyetu vya shule. Wanaume ambao usiku kucha wamevuta nyavu chini ya mwanga wa taa bado wana kazi ya kuikokota mashua hadi nchi kavu, kuteremsha shehena, na kukung'uta nyavu kabla jua halijapanda juu ya mlima wa kisiwa. Kila tendo katika kazi hiyo linaanzia begani. Mwenye mguu mbovu anaweza kuketi tezini akashika usukani. Mwenye bega bovu hana nafasi chomboni.

Ni katika kisiwa hicho ambapo kijana mmoja wa shule ya upili aliwahi kuniuliza kama bega lililoharibika linaweza kutolewa likawekwa jipya, kama vile fundi anavyobadilisha spea ya injini ya mashua. Nilimjibu kwamba inawezekana, na kwamba jambo hilo limefanywa kwa zaidi ya miaka mia moja. Jibu langu lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa la haraka mno. Kijana alikwenda zake akiamini kwamba bega ni spea. Makala haya ni jaribio la kulipa deni lile, na njia ninayoiona kuwa nyoofu kuliko zote ni kusimulia maisha ya mtu wa kwanza aliyethubutu kumwekea binadamu bega la kutengenezwa, yaani daktari Mfaransa Jules-Émile Péan.

Péan alizaliwa tarehe 29 Novemba 1830 katika kijiji cha Marboué, karibu na mji wa Châteaudun, kusini-magharibi mwa Paris. Baba yake alikuwa msagaji nafaka, mtu wa kinu na magunia, na haikutarajiwa kwamba mwanawe angekuja kuhesabiwa miongoni mwa wapasuaji mashuhuri wa karne yake. Alikwenda Paris kusomea udaktari, akapata mafunzo chini ya Auguste Nélaton, aliyekuwa bingwa wa upasuaji wa zama hizo, na mwaka 1860 akahitimu shahada yake.

Mwanafunzi wa leo ni vigumu apate picha ya upasuaji ulivyokuwa wakati huo. Dawa za nusukaputi zilikuwa zimegunduliwa, etha mwaka 1846 na klorofomu mwaka uliofuata, kwa hiyo mgonjwa hakulazimika tena kushikwa na watu wanne huku akipiga mayowe. Hata hivyo, maadui wawili walibaki: damu na usaha. Wapasuaji wengi wa Ufaransa waliamini kwamba kufungua tumbo la mtu ni sawa na kumhukumu kifo. Mwaka 1864 Péan alimtoa mwanamke uvimbe wa kifuko cha mayai, na mwanamke huyo akapona. Mwaka 1867 alimtoa mgonjwa mwingine bandama, naye pia akaishi. Mwaka 1879 alithubutu kukata sehemu ya tumbo la chakula iliyokuwa na saratani. Mgonjwa huyo alifariki baada ya siku tano, na heshima ya kufanikiwa ikamwangukia Theodor Billroth wa Vienna mwaka 1881. Péan hakuonekana kuvunjika moyo. Alikuwa mtu wa kuthubutu kwanza, na ya kushindwa akayaacha yajitokeze yenyewe.

Siri ya uthubutu wake ilikuwa kifaa kidogo cha chuma. Kabla yake, mpasuaji alipokata mshipa wa damu alilazimika kuufunga papo hapo kwa uzi, mmoja baada ya mwingine, huku muda ukipita na mgonjwa akiishiwa nguvu. Kuanzia miaka ya 1860 Péan alitumia koleo lenye meno ya kujifunga, linalobana mshipa na kubaki hapo lenyewe huku mpasuaji akiendelea na kazi. Palizuka ugomvi mkali kuhusu nani alikuwa wa kwanza, kwani Eugène Koeberlé wa Strasbourg alidai kwamba wazo lilikuwa lake. Kwa maoni yangu Koeberlé alikuwa na hoja nzito kuliko wapenzi wa Péan walivyokubali. Lakini historia haigawi majina kwa haki, na hadi leo muuguzi wa chumba cha upasuaji huliita koleo hilo kwa jina la Péan.

Umaarufu wake ulienea hadi nje ya udaktari. Katika hospitali ya Saint-Louis jijini Paris, alikofanya kazi kwa miaka mingi, watu walifika kumtazama akipasua kama vile wanavyokwenda kutazama mchezo wa kuigiza. Yeye naye hakuikwepa sifa hiyo, kwani alipasua akiwa amevaa koti jeusi la sherehe, kitambaa kimefungwa shingoni. Mchoraji Henri Gervex alimchora mwaka 1887 akiwafundisha wenzake kando ya mgonjwa, na Henri de Toulouse-Lautrec akamchora mwaka 1891 akiwa kazini. Ni wapasuaji wachache mno waliowahi kuwekwa katika picha na wachoraji wawili wa kiwango hicho.

Alipofikia umri wa kustaafu katika hospitali za serikali, hakukubali kuweka kisu chini. Alijenga hospitali kwa fedha zake mwenyewe, akaiita Hospitali ya Kimataifa. Ilikuwa hapo, mwezi Machi 1893, ambapo alifanya upasuaji unaotuhusu.

Mgonjwa alikuwa mwokaji mikate mwenye umri wa miaka 37. Kifua kikuu kilikuwa kimeushambulia mfupa wake wa mkono karibu na bega. Inafaa mwalimu asisitize hapa kwamba kifua kikuu, licha ya jina lake la Kiswahili, hakikai kifuani peke yake: huingia katika uti wa mgongo, nyonga, goti na bega, na humla mtu mfupa polepole kwa miezi au miaka. Robert Koch alikuwa ameshatangaza kijidudu chake mwaka 1882, lakini dawa ya kukiua haikuwapo, na haingekuwapo hadi streptomaisini ilipogunduliwa mwaka 1943. Njia iliyozoeleka ilikuwa kukata mkono wote kuanzia begani. Péan alimshauri hivyo, na mwokaji mikate akakataa. Sababu yake haihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote wa Mfangano: unga haukandwi kwa mkono mmoja, wala wavu hauvutwi kwa mkono mmoja.

Kukataa huko ndiko kulikomlazimisha daktari afikiri upya. Alikuwa na habari za Themistocles Gluck, mpasuaji wa Berlin, ambaye mwaka 1890 alikuwa ameanza kuwawekea wagonjwa viungo vilivyochongwa kwa pembe za ndovu, bidhaa iliyokuwa ikisafirishwa kwa wingi kutoka Zanzibar katika miaka hiyo hiyo. Péan hakutumia pembe. Alimwendea daktari wa meno wa Paris aitwaye Michaels, kwa kuwa wakati huo waganga wa meno ndio waliojua zaidi namna ya kutengeneza vitu vinavyoweza kukaa ndani ya mwili. Michaels alimtengenezea mpini wa platini wa kuchukua nafasi ya mfupa uliooza, na juu yake tufe la mpira mgumu uliochemshwa katika parafini. Tufe hilo lilikuwa na mifereji miwili iliyokatana, na katika kila mfereji palipita pete ya chuma: moja ililifunga tufe kwenye kombe la bega, nyingine ililifunga kwenye mpini.

Tena mpini ule ulikuwa na matundu. Wasimulizi wengi huyapita matundu hayo kwa haraka, nami nadhani hapo ndipo ilipo akili kubwa ya kazi yote, kwa sababu yalikusudiwa kupitishia nyuzi za kushonea misuli na utando wa mfupa. Péan alitambua kwamba mfupa usio na msuli ni gogo tu. Wasomi wanaochunguza mifupa ya manyani wa kale iliyofukuliwa Mfangano na Rusinga, yenye umri wa takriban miaka milioni 18, wanalijua jambo hilo vizuri: msuli hauachi kisukuku, na mtaalamu hukisia nguvu za mkono kwa kutazama alama zilizoachwa mfupani na kano zilizokuwa zimeshikamana hapo. Péan alifanya kinyume chao. Alikuwa na misuli, akatafuta mahali pa kuishikiza.

Je, mkono ule ulifanya kazi? Mwanzoni ulifanya. Mwokaji mikate alipata nafuu, akaondoka hospitalini akiwa na mkono wake. Lakini kifua kikuu hakikuwa kimetoka mwilini mwake, na kijidudu kinachojificha juu ya kitu kigeni ndani ya mwili ni vigumu kukifukuza. Usaha ulirejea. Mwili nao ukajenga ganda la mfupa kukizingira kile kiungo, kama unaotaka kukitenga. Baada ya miaka kama miwili Péan alilazimika kukitoa. Kiungo hicho hakikutupwa; kimehifadhiwa katika Taasisi ya Smithsonian, Marekani.

Kwa kawaida kisa hiki huishia hapo, na lawama yote huangukia vijidudu. Nadhani mwanafunzi makini hana budi kuuliza swali moja zaidi: kama usaha usingekuja, bega lile lingedumu? Ili kulijibu, ni lazima tulitazame bega lenyewe.

Vitabu vyetu huliweka bega na nyonga katika fungu moja, viungo vya tufe na kikombe, kisha mwalimu huchora ubaoni mviringo ndani ya mviringo na kuendelea na kiwiko. Ulinganisho huo unapotosha. Kikombe cha nyonga ni kirefu, nacho hulimeza tufe. Kikombe cha bega ni kifupi mno, hata wakati wowote ule hugusa kiasi cha robo hadi theluthi tu ya tufe. Ni kama chungwa lililoegemezwa kwenye kisahani kilichosimamishwa wima. Kinachozuia chungwa lisianguke ni misuli. Minne midogo inatoka kwenye kombe la bega na kulizunguka tufe, mmoja mbele, mmoja juu na miwili nyuma, na kazi yake kubwa ni kulibana tufe katikati ya kikombe. Msuli mkubwa wa nje, ule wa deltoidi unaolipa bega umbo lake la duara, ndio unaoinua mkono. Lakini deltoidi peke yake ina kasoro moja: mkono ukiwa umening'inia, huvuta kuelekea juu. Kama ile minne haikazi kwa wakati uleule, tufe halizunguki bali hupanda hadi kugonga paa la bega, na mkono hauinuki.

Kombe nalo halikai kimya. Mwaka 1944 watafiti watatu wa Marekani, Inman, Saunders na Abbott, walionyesha kwamba mtu akiinua mkono hadi juu kabisa, takriban theluthi mbili ya mwendo hutoka katika kiungo chenyewe, na theluthi moja hutokana na kombe kuteleza juu ya mbavu. Uzito unaobebwa hapo si mdogo. Mkono mtupu ulionyooshwa kando hadi usawa wa bega hukisukuma kikombe kwa nguvu inayokaribia uzito mzima wa mwili, kwa sababu misuli hushika karibu sana na mhimili huku mkono wote ukiwa mbali. Sasa mpe mwenye mkono huo wavu uliojaa maji.

Turudi kwa Péan. Pete zake mbili zilichukua kazi ya ile misuli minne. Mahali ambapo maumbile yaliacha tufe huru likabanwa na nyama hai, yeye alilifunga kwa chuma. Maana yake ni kwamba kila nguvu ambayo misuli ingeipokea na kuipunguza ilikwenda moja kwa moja kwenye pete, na kutoka kwenye pete hadi mahali iliposhikamana na mfupa. Katika miaka ya 1970 wahandisi waliokuwa na vyuma bora na viuavijasumu walijaribu tena mabega yaliyofungwa namna hiyo, tufe likishikwa lisitoke, na mengi yakavunjika au kung'oka. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba hata bila usaha, bega la mwokaji mikate lisingestahimili kinu cha unga kwa miaka mingi.

Suluhisho lilikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya Charles Neer wa New York, ambaye mwaka 1955 alichapisha matokeo ya wagonjwa 12 aliowawekea tufe la chuma lenye umbo la asili, bila kulifunga. Aliiachia misuli kazi yake. Njia hii hurudisha mwendo mzuri mno, lakini ina masharti magumu. Ile misuli minne lazima iwe hai. Mpasuaji, ili aingie ndani, kwa kawaida huikata kano ya msuli wa mbele na kuishona tena anapomaliza; isiposhika, bega huteleza. Tufe likiwa kubwa kupita kiasi huivuta misuli hadi ikakakamaa. Likiwa dogo, misuli hulegea na kukosa nguvu. Na kama misuli ya juu imekatika tangu zamani, tufe la chuma hupanda kama lilivyopanda lile la mfupa, likawa linakitikisa kikombe kipya huku na huku hadi kikang'oka.

Ya pili ilitoka Ufaransa kwa Péan. Mwaka 1985 Paul Grammont wa Dijon, aliyefariki mwaka 2013, alianza kuwawekea wagonjwa waliopoteza ile misuli minne bega lililogeuzwa: tufe likafungwa kwenye kombe, kikombe kikawekwa juu ya mfupa wa mkono. Mvuvi ataelewa hila hii upesi kuliko mtaalamu wa mjini. Anajua kwamba akibadilisha mahali ambapo kasia hushikwa na kishwara, ule mviringo wa kamba ubavuni mwa chombo, uzito anaousikia mikononi hubadilika pia ingawa kasia ni lile lile. Grammont alihamisha mhimili wa bega ndani na chini. Deltoidi ikapata umbali mkubwa zaidi kutoka kwenye mhimili, ikanyooshwa ikawa na mvuto, na nyuzi zake za mbele na za nyuma ambazo awali hazikusaidia sana kuinua zikaingizwa kazini. Mtu aliyekuwa hawezi kupeleka kijiko kinywani aliweza kuinua mkono juu ya kichwa.

Faida hiyo ina gharama yake. Kuzungusha mkono kwenda nje hubaki dhaifu kama msuli wa nyuma umekufa, na kufikisha mkono mgongoni huwa shida. Kombe hulazimika kuteleza zaidi kuliko kawaida. Deltoidi iliyonyooshwa huuvuta mfupa wa paa la bega mchana na usiku, na kwa baadhi ya wagonjwa mfupa huo hupasuka. Nayo deltoidi ikiwa imepooza, upasuaji wenyewe hauna maana, kwani hapana tena wa kuinua.

Hapa ndipo ninapomkumbuka yule kijana wa Mfangano. Ningeulizwa leo, ningemwambia kwamba chuma hununuliwa lakini msuli haununuliwi. Kano ikikatika na kuachwa, msuli wake hunywea, na baada ya muda nyama yake hugeuka mafuta. Hali hiyo ikikomaa, hairudi hata kano ikishonwa. Kisiwani, ambako hakuna njia ya kufika hospitali kubwa bila kwanza kuvuka maji, bega linalouma hukandwa kwa maji moto, hufungwa majani, huvutwa na mganga wa mifupa, kisha mwenyewe hurudi kwenye wavu kwa sababu watoto wanataka karo. Anapofika kwa mpasuaji miaka mitatu baadaye, kilichopotea si mfupa. Hata akiwekewa bega bora kuliko yote, wapasuaji wengi humkataza kuvuta mizigo mizito kwa maisha yake yote. Upasuaji utamwondolea maumivu na kumwezesha kuvaa shati. Hautamrudisha chomboni.

Kwa hiyo naona kwamba lawama fulani inatuangukia sisi tunaofundisha. Tunamfundisha mwanafunzi majina ya mifupa, ayakariri kwa mtihani, lakini hatumwambii kwamba kiungo kinachovimba na kuuma kwa wiki nyingi pamoja na homa za jioni na kukonda kinaweza kuwa kifua kikuu, na kwamba dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma nchini Kenya. Hatumwambii kwamba bega lililoteguka hurudishwa kwa urahisi siku ileile na kwa taabu kubwa baada ya mwezi. Mwokaji mikate wa Paris hakuwa na dawa ya kumeza mwaka 1893. Mvuvi wa Mfangano anayo, mradi mtu amwambie mapema.

Péan mwenyewe hakuishi kuona mambo haya. Alifariki jijini Paris tarehe 30 Januari 1898, kwa nimonia, akiwa na umri wa miaka 67. Hospitali aliyoijenga ikapewa jina lake. Habari za bega zilisahauliwa kwa miongo mingi, na waliomkumbuka walimkumbuka kwa lile koleo, ambalo mwanafunzi yeyote wa uuguzi atalikuta katika sinia la vifaa siku ya kwanza atakapoingia chumba cha upasuaji.